Kununua Nyumba Marekani kwa Mkopo Ukiwa Mhamiaji: Karatasi Huanza Miaka Miwili Kabla ya Nyumba

Hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayomtaka mnunuzi wa nyumba awe raia. Mwenye kadi ya kijani ananunua, mwenye viza ya kazi ananunua, aliyeomba hifadhi na bado anasubiri uamuzi ananunua, hata asiye na namba ya Social Security ananunua. Tangu 2023 majimbo mbalimbali, Florida ikiwamo, yamewawekea mipaka raia wa nchi kadhaa zilizotajwa kwa jina, China ikiwa mojawapo, lakini nje ya hapo mlango uko wazi.

Wahamiaji hukwama kwenye karatasi. Mkopeshaji husoma miaka miwili ya maisha yako ya fedha: marejesho ya kodi, stakabadhi za mshahara, taarifa za benki, madeni. Pesa ambayo haikupita humo, kwake ni kama haipo, hata kama unayo mkononi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mbali na nyumba yenyewe. Mtu akianza kutembelea nyumba kabla ya kupanga karatasi, hupoteza msimu mzima na mara nyingine hupoteza na amana yake.

Hadhi yako na mkopo unaokufaa

Mikopo mingi ya nyumba Marekani hununuliwa na Fannie Mae au Freddie Mac baada ya benki kuitoa, kwa hiyo kanuni za mashirika hayo mawili ndizo zinazoamua benki itakuuliza nini. Yote mawili yanamkubali mtu aliyeko nchini kihalali, awe na ukaazi wa kudumu au wa muda, kwa masharti yaleyale ya raia: kianzio kilekile, riba ileile. Kadi ya kijani ya miaka miwili wanayopewa waliooana karibuni inatosha. Viza za kazi za H-1B na L-1 zinatosha. Kibali cha kazi, yaani kadi ya EAD, kinakubalika pia, ila hapa benki hutofautiana sana: moja itataka kibali chenye miezi kadhaa mbele yake, nyingine itataka kuona kwamba kiliwahi kuhuishwa. Kibali kikikaribia kuisha, omba kukihuisha kwanza, kisha peleka kibali pamoja na ile barua ya I-797 inayothibitisha kuwa maombi yamepokelewa. Na benki moja ikikataa, usidhani zote zimekataa. Uliza nyingine nne.

Mkopo wa FHA, yaani ule unaowekewa bima na serikali kuu, una habari mbaya ambayo wengi hawajaisikia. Kwa miaka mingi ndio uliokuwa kimbilio la mgeni, kwa sababu unaridhika na kianzio cha 3.5% kwa mwenye alama za mikopo (kipimo cha jinsi unavyolipa madeni) 580 na kuendelea. Lakini kwa maombi yaliyofunguliwa kuanzia tarehe 25 Mei 2025, FHA haimchukui tena mwenye ukaazi wa muda. Sasa unahitaji uraia au kadi ya kijani, isipokuwa kwa raia wa visiwa vichache vya Pasifiki vyenye mkataba maalumu na Marekani. Wakala akikuahidi FHA kwa kibali cha kazi peke yake, anakupotezea muda.

Asiye na Social Security hutumia ITIN, namba ya kodi inayotolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kwa fomu W-7. Mikopo ya ITIN hutoka zaidi kwenye vyama vya akiba na mikopo na benki ndogo ambazo zinabaki na mkopo wenyewe bila kuuuza. Kianzio mara nyingi ni 10% hadi 20% au zaidi, na riba iko juu kuliko ya mkopo wa kawaida. Utadaiwa marejesho ya kodi ya miaka miwili yaliyowasilishwa kwa namba hiyo. Kumbuka pia kwamba ITIN isiyotumika kwenye marejesho ya kodi kwa miaka mitatu mfululizo huisha nguvu. Ihuishe kabla ya kuomba.

Benki inaruhusiwa kuuliza hadhi yako ya uhamiaji, kwa kuwa inahusu uwezo wako wa kulipa kwa miaka ijayo. Hairuhusiwi kukukataa au kukutoza zaidi kwa sababu ya nchi uliyotoka, rangi au dini. Ikikukataa, ni lazima ikujulishe kwa maandishi ndani ya siku 30, na una haki ya kupewa sababu. Itunze barua hiyo, kwa maana inakuonyesha hasa cha kurekebisha. Na jambo moja liwe wazi: kumiliki nyumba hakukupi hadhi yoyote ya uhamiaji, wala mkopo wa nyumba hautengenezi kesi iliyoharibika.

Alama za mikopo: unaanza sifuri, na jina lako linaweza kukuponza

Historia yako ya kukopa nyumbani haivuki bahari. Ili FICO, kampuni inayokokotoa alama hizo, ikupe alama, inahitaji angalau akaunti moja iliyokaa wazi miezi sita. Njia ya haraka ni kadi ya mkopo yenye dhamana: unaweka dola 300 au 500 benki, nao wanakupa kadi yenye kikomo hicho. Ilipie kitu kimoja kila mwezi, kama bili ya simu, na ulipe deni lote. Katika hesabu ya FICO, kulipa kwa wakati kunabeba 35%, na kiasi unachodaiwa ukilinganisha na kikomo kinabeba 30%. Malipo yaliyochelewa zaidi ya siku 30 hukaa kwenye ripoti miaka saba.

Kosa linalorudiwa sana ni hili. Mtu ana kikomo cha dola 500, anatumia 450, analipa yote siku ya mwisho wa kulipa, na bado alama hazipandi. Sababu ni kwamba benki kwa kawaida huripoti deni lililopo siku taarifa ya mwezi inapofungwa, wiki tatu hivi kabla ya siku ya mwisho wa kulipa. Kwenye ripoti anaonekana ametumia 90% ya kikomo kila mwezi. Lipa siku mbili tatu kabla taarifa haijafungwa, ubakize dola 20 au 30 tu zionekane.

Sasa majina. Aliyesajiliwa kwa majina matatu akafika na pasipoti yenye mpangilio mwingine, leseni yenye mpangilio mwingine tena, mara nyingi hujikuta na mafaili mawili ya mikopo, kila moja likiwa nusu tupu. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, na mtu mwenye jina la kawaida kama la mwenzake na tarehe hiyo hiyo anaweza kubandikwa madeni yasiyo yake. Majina ya Kiislamu yanayotumiwa na watu wengi huleta pia tahadhari ya OFAC, ofisi ya serikali yenye orodha ya watu waliowekewa vikwazo. Mkopeshaji halazimiki kukukataa kwa kufanana jina tu, bali analinganisha tarehe na mahali pa kuzaliwa, kisha anaifuta. Hayo yote yanarekebishika, lakini yanachukua wiki kadhaa. Kwa hiyo pakua ripoti zako tatu za mikopo, za kampuni za Equifax, Experian na TransUnion, bure kwenye annualcreditreport.com miezi sita kabla ya kuomba. Soma kila anwani na kila akaunti. Pinga kwa maandishi kisicho chako.

Mkopeshaji huchukua alama ya katikati kati ya hizo tatu. Mke na mume wakiomba pamoja, mwenye alama za chini kwa kawaida ndiye anayepanga riba ya wote wawili. Kwa hiyo kama mapato ya mmoja yanatosha, piga hesabu ya kuomba mkopo kwa jina lake peke yake, na hati ya nyumba iwe na majina yote mawili. Hati na mkopo ni vitu viwili tofauti. Angalizo: kwa mkopo wa FHA katika majimbo yenye mali ya pamoja ya ndoa, kama Texas, California na Arizona, madeni ya mwenzi huhesabiwa hata kama hayumo kwenye mkopo. Majimbo mengine hudai sahihi ya mwenzi kwenye baadhi ya hati; aliyeko nje ya nchi anaweza kusaini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani, na miadi hiyo iombwe mapema.

Ambaye hana alama kabisa bado ana njia: ushahidi wa miezi 12 ya kodi ya pango, umeme na simu iliyolipwa kwa wakati. Hapa ndipo kulipa kodi ya pango kwa fedha taslimu kunapoumiza. Lipa kwa hundi au kwa kuhamisha kutoka benki, jina la mwenye nyumba lionekane kila mwezi.

Mapato: wanachohesabu sicho unachopokea

Kwa mwajiriwa wa W-2, yaani anayepewa fomu ya mshahara na mwajiri, wanataka historia ya miaka miwili ya kazi, ila si lazima yote iwe Marekani wala kwa mwajiri mmoja. Kazi ya nje ya nchi au masomo yanayohusiana na kazi ya sasa huhesabiwa ukileta barua na vyeti vilivyotafsiriwa. Anayefanya kazi mbili, kama wengi katika nyumba za wazee na hospitali, ajue kwamba kazi ya pili na saa za ziada kwa kawaida zinahitaji historia ya miaka miwili. Mkopeshaji anaweza kukubali miezi 12 mambo mengine yakiwa imara. Kuhama kutoka wakala mmoja wa wauguzi kwenda mwingine hakudhuru. Kuhama kutoka W-2 kwenda 1099, fomu ya anayejiajiri, kunadhuru sana: mwajiriwa amegeuka mfanyabiashara, na saa ya miaka miwili inaanza upya. Dereva wa lori anayeshawishiwa kununua lori lake miezi mitatu kabla ya kununua nyumba anunue nyumba kwanza.

Kwa wanaojiajiri, hasa madereva wa abiria na wa mizigo, tatizo ni fomu ya kodi, Schedule C. Mkopeshaji haangalii jumla uliyopokea, anaangalia faida baada ya kutoa gharama. Tuseme mwaka 2024 dereva amepokea dola 62,000 na kuendesha maili 40,000 za kazi. Kwa kiwango cha IRS cha senti 67 kwa maili, anatoa 26,800, na faida inabaki 35,200. Kwa mwezi ni dola 2,933, na hiyo hainunui nyumba katika miji mingi.

Lakini ndani ya zile senti 67 za mwaka 2024, senti 30 ni uchakavu wa gari, pesa ambayo haikutoka mfukoni. Kanuni zinaruhusu uchakavu urudishwe kwenye mapato: maili 40,000 mara senti 30 ni dola 12,000. Mapato yanakuwa 47,200, sawa na dola 3,933 kwa mwezi. Tofauti ya dola elfu moja kwa mwezi, bila kubadilisha chochote kwenye marejesho. Maofisa wengine wa mikopo husahau hesabu hii. Muulize wazi: "Umerudisha uchakavu wa maili?" Na maili ziwe zimeandikwa kwenye sehemu ya gari ya fomu, mtayarishaji wa kodi akijaza jumla tu bila idadi ya maili, hakuna cha kurudisha.

Usikubali mtayarishaji "akupandishie" mapato ya mwaka mmoja ili upate mkopo. Benki huchukua nakala moja kwa moja kutoka IRS kwa fomu 4506-C, na kudanganya kwenye maombi ya mkopo ni jinai ya serikali kuu ambayo kwa asiye raia inaweza kufika hadi kwenye kesi ya kuondolewa nchini. Njia halali ni kupanga miaka miwili mbele: toa gharama za kweli tu, weka kumbukumbu, lipa kodi inayodaiwa.

Kianzio, upatu, na pesa kutoka nyumbani

Mkopo wa kawaida huanzia kianzio cha 3% kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, na hakuna ulazima wa 20%. Ukiweka chini ya 20% utalipa bima ya kumlinda mkopeshaji, PMI. Juu ya kianzio kuna gharama za kufunga ununuzi, mara nyingi 2% hadi 5% ya bei. Mipango ya majimbo ya kusaidia kianzio ni mizuri, ila masharti ya hadhi ya uhamiaji hutofautiana. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba, wanaijua ya eneo lako, na hupatikana kwa simu 800-569-4287.

Kila dola ya kianzio lazima iwe na asili inayoonekana. Benki husoma taarifa za miezi miwili, na amana moja kubwa, kwa Fannie Mae ni ile inayozidi nusu ya mapato yako ya mwezi, lazima uieleze kwa ushahidi. Hapa ndipo upatu unapowaangusha watu. Umechangia dola 1,000 kila mwezi kwa miezi kumi na mbili, zamu yako imefika, umeingiza dola 12,000 kwa mkupuo, nawe huna hata kipande cha karatasi. Mkopeshaji anaiondoa pesa hiyo kwenye hesabu, na kianzio hakitoshi.

Wengi hawajui kwamba Fannie Mae inaitambua akiba ya kikundi kama chanzo halali cha kianzio. Masharti ni mawili: barua kutoka kwa anayesimamia upatu, na ushahidi kwamba ulichangia kwa ukawaida. Kwa hiyo changia kupitia benki, si kwa noti. Kuna upande wa pili: kama bado una wajibu wa kuendelea kuchanga baada ya kupokea, mchango huo wa mwezi unahesabiwa kama deni. Anayetaka kununua nyumba ni heri aombe zamu ya mwisho au karibu na mwisho.

Fedha taslimu zilizo ndani ya nyumba ziingize benki zaidi ya miezi miwili kabla ya kuomba, kwa mara moja. Benki huripoti serikalini amana ya fedha taslimu inayozidi dola 10,000, na ripoti hiyo haina ubaya wowote. Ubaya ni kuigawanya dola 9,000 leo na 9,000 kesho ili kuikwepa: kugawanya kwa nia hiyo ni kosa la jinai hata kama pesa ni ya jasho lako halali. Vivyo hivyo anayeingia nchini na zaidi ya dola 10,000 azitangaze forodhani, na aitunze fomu.

Zawadi kutoka kwa ndugu inakubalika kwa barua inayosema nani ametoa, kiasi gani, uhusiano wenu, na kwamba hairudishwi. Ambatisha ushahidi wa uhamisho na wa kubadilisha fedha. Kiwanja kilichouzwa nyumbani kinahitaji mkataba wa mauzo uliotafsiriwa na njia nzima ya pesa, kutoka kwa mnunuzi hadi akaunti yako ya Marekani. Na kama umepokea kutoka kwa watu walioko nje zawadi zinazozidi dola 100,000 ndani ya mwaka, IRS inataka fomu 3520. Hakuna kodi juu yake, lakini kutoiwasilisha kunaleta faini ya 5% ya kiasi hicho kwa kila mwezi, hadi 25%.

Unaweza kubeba nyumba ya bei gani

Chukua nyumba ya dola 300,000, kianzio 5%, yaani 15,000. Mkopo ni 285,000. Kwa riba ya 6.5% na miaka 30, malipo ya mwezi ni dola 1,801. Katika malipo ya kwanza, 1,544 ni riba na 257 tu ndizo zinazopunguza deni. Ongeza kodi ya mali, tuseme 300, bima ya nyumba 150, PMI 166. Jumla inakuwa dola 2,417. Kodi ya mali ndiyo inayobadilika zaidi: New Jersey wastani wake ni karibu 2% ya thamani kwa mwaka, Hawaii ni sehemu ndogo ya 1%. Wanaohamia Texas kwa kuwa haina kodi ya mapato ya jimbo hushtukia kwenye kodi ya mali.

Mkopeshaji anajumlisha 2,417 na madeni yako ya kila mwezi, kisha anagawanya kwa mapato kabla ya makato. Mwenye mapato ya dola 6,000 kwa mwezi bila deni lingine yuko kwenye 40%, anapita. Akiwa na mkopo wa gari wa dola 520, anafika 49%, na kikomo cha mkopo wa kawaida ni kati ya 45% na 50%. Kwa riba hiyo, dola 520 za gari zinakula uwezo wa kukopa kama dola 82,000. Hakuna ushauri mmoja wenye uzito kuliko huu: usinunue gari jipya katika mwaka unaotaka kununua nyumba, wala usimdhamini ndugu kwenye la kwake, kwa sababu deni la uliyemdhamini linaandikwa jina lako.

Pesa unazotuma nyumbani hazimo kwenye hesabu ya benki. Zimo kwenye maisha yako. Kama unatuma dola 400 kila mwezi na hutaacha, zitoe wewe mwenyewe kabla ya kuamua bei, hata benki ikikuidhinishia zaidi.

Kwa asiyetaka riba kwa sababu ya dini, yapo makampuni yanayofanya kazi kwa mfumo wa musharaka unaopungua: kampuni na wewe mnamiliki pamoja, unanunua hisa yake kidogo kidogo na kulipia matumizi ya sehemu yake. Mengine hutumia ijara (kukukodisha) au murabaha (kununua kisha kukuuzia kwa faida). Uchunguzi wa mapato na alama ni uleule. Linganisha jumla utakayolipa hadi mwisho, na soma mkataba unasemaje nyumba ikiungua au ikiuzwa kwa hasara.

Kutoka barua ya idhini hadi mezani

Omba idhini ya awali kwa wakopeshaji watatu ndani ya siku 14. FICO huyahesabu maulizo hayo kama moja. Kila mmoja, ukishatoa maombi yenye anwani ya nyumba, lazima akupe ndani ya siku tatu za kazi fomu iitwayo Loan Estimate, makadirio ya gharama za mkopo. Nenda ukurasa wa 2, sehemu A: hizo ni ada za mkopeshaji mwenyewe, ndizo za kulinganisha na kubishania. Riba ya chini iliyonunuliwa kwa pointi ni riba uliyoilipia mbele. Pointi moja ni 1% ya mkopo.

Tangu tarehe 17 Agosti 2024, wakala wa mnunuzi aliye katika mfumo wa NAR, chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba, lazima asaini nawe mkataba kabla ya kukutembeza kwenye nyumba, ukitaja malipo yake. Malipo hayo yanajadiliwa. Omba mkataba mfupi, wa nyumba moja au wa siku 30, hadi uone kazi yake.

Ofa ikikubaliwa, unaweka amana, kwa kawaida 1% hadi 3% ya bei. Inalindwa na masharti matatu: ukaguzi, uthamini, na mkopo kupatikana. Soko likiwa moto utashawishiwa kuyaondoa ili ofa yako ipendeze. Sharti la mkopo asiliondoe mhamiaji ambaye kibali chake kinaweza kuisha kabla ya kufunga. Mkaguzi mchague wewe, uende naye siku hiyo, na uulize umri wa paa, wa tanuru na kipoza hewa, na hali ya msingi. Kwa nyumba ya zamani lipia kamera ipite kwenye bomba la majitaka. Kulibadilisha hugharimu maelfu. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 muuzaji lazima atangaze anachojua kuhusu rangi yenye risasi, jambo la kulitilia uzito kama kuna watoto wadogo. Angalia pia ramani za mafuriko za FEMA, idara ya serikali ya maafa, maana bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko.

Mthamini akisema nyumba ni ya 285,000 na wewe umekubali 300,000, benki itakopesha kwa hesabu ya 285,000. Muuzaji apunguze, au wewe ujazie, au mgawane, au sharti la uthamini likutoe na amana yako.

Kati ya maombi na siku ya kufunga, kwa kawaida siku 30 hadi 45, kaa kimya kifedha. Usibadilishe kazi, usifungue kadi ya duka la samani, usihamishe pesa kati ya akaunti. Benki huangalia ripoti yako tena siku za mwisho, na hupiga simu kwa mwajiri.

Siku tatu za kazi kabla ya kufunga utapokea Closing Disclosure, hesabu ya mwisho ya mkopo na gharama zake. Iweke pembeni ya Loan Estimate uliyopewa mwanzo. Ada za mkopeshaji haziruhusiwi kuongezeka bila sababu inayotambuliwa na sheria. Kama Kiingereza cha mikataba kinakusumbua, lete mkalimani wako, si mtoto wa shule wala rafiki wa muuzaji. Nunua bima ya hati ya mmiliki, inayokulinda mtu mwingine akidai nyumba ni yake. Ile unayolazimishwa ni ya kumlinda mkopeshaji tu.

Siku ya kutuma pesa ndiyo siku ya wezi. Utapata barua pepe inayofanana kabisa na ya kampuni ya hati, ile inayosimamia kufunga ununuzi, ikisema namba ya akaunti imebadilika. Piga simu kwa namba uliyoichukua mwenyewe wiki za nyuma, usome namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu, ndipo utume. Pesa ikishaenda, kuirudisha ni nadra.

Mkataba wa kuukimbia

Wanaokataliwa na benki, na wanaokwepa riba, huandamwa na mauzo yaitwayo contract for deed. Unamlipa muuzaji kila mwezi, unatengeneza nyumba, unalipa kodi yake, lakini hati inabaki kwake hadi senti ya mwisho, na mara nyingi baada ya miaka michache kuna malipo makubwa ya mkupuo. Ukikosa kidogo, unaweza kupoteza nyumba na yote uliyolipa bila mlolongo wa mahakama unaomlinda mwenye mkopo wa kawaida. Minnesota, ambako wahamiaji wengi waliumizwa na mikataba hii, ilikaza sheria yake mwaka 2024. Usisaini bila mwanasheria wako mwenyewe, na bila mkataba kusajiliwa kaunti.

Mwaka wa kwanza ndani ya nyumba

Majimbo mengi hupunguza kodi ya mali kwa mwenye kuishi ndani ya nyumba yake, ila lazima uombe mwenyewe kaunti kabla ya tarehe yao. Barua zitakazokuja zikidai dola 90 au 100 kwa "nakala ya hati yako" ni za kutupwa. Nakala kaunti hugharimu kidogo sana. Malipo ya mwezi yakipanda mwaka wa pili ilhali riba haijabadilika, tazama akaunti ya eskro, ambamo mkopeshaji hutunza pesa zako za kodi na bima: kodi au bima imepanda, na unaruhusiwa kutafuta bima nyingine na kupinga thamani ya kodi. Deni likifika 80% ya bei ya awali, andika barua kudai PMI iondolewe. Usipoandika, sheria inawalazimisha kuiondoa kwenye 78% kama huna malipo uliyochelewesha, na kati ya hizo asilimia mbili kuna miezi mingi ya kulipa bure. Na kila ukibadilisha anwani, anwani mpya ipeleke USCIS, idara ya uhamiaji, ndani ya siku 10 za kuhama, kwa fomu AR-11 au mtandaoni.